Watoto Wana Mjomba

Gerezani, 24 Novemba 1996

Kaka Masele,

Salamu zitafuata chini. Kwanza niandike kilichopotea, kisije kikafunikwa na salamu. Alhamisi tarehe 14 mwezi huu, kabla ya saa sita mchana, nilipoteza miaka mitatu. Novatus, niliyeshika naye ndoo moja, alipoteza asubuhi moja tu, akaenda kula chakula cha mchana kwao.

Sasa salamu. Mwangaluka, kaka. Hujambo wewe, wifi Lukresia hajambo, mwanao Mashimba na ng'ombe hawajambo? Mimi mwili ni mzima. Tunalala wanawake kumi na wanne kwenye chumba cha watu sita, na nyapara wetu ana sauti kama ya dalali wa mnadani. Barua hii afande ataisoma kabla ya kuifunga, kwa hiyo naandika kama mtu anayesema mbele ya watu.

Ulikuwepo mahakamani, najua. Lakini wewe ulikaa kwenye benchi la nyuma na mimi nilisimama kizimbani, na mambo hayafanani ukiyatazama kutoka kizimbani.

Kosa sikatai. Kampuni ilitukabidhi gulio, kituo cha kununulia pamba, pale Kasoli, mimi karani, Novatus mpimaji. Tukatoa magunia sita tukayauza kwa kampuni nyingine, maana siku hizi wanunuzi wamekuwa wengi kuliko wakulima, kila mmoja na lori lake. Kisha tukamwagia maji pamba iliyobaki ili uzito urudi. Pamba ikachemka ndani ya magunia, ikafika kiwandani inanuka. Ndiyo hivyo. Magunia sita, watu wawili: matatu kwa matatu. Mimi nimelipa mwaka kwa kila gunia. Yeye amelipa nini? Asifanye kosa kwa miezi kumi na miwili. Hata mimi humu ndani sitafanya kosa kwa miezi kumi na miwili, kaka. Nitaiba nini, uji?

Hakimu alimwuliza Novatus kama ana la kusema kabla ya adhabu. Mkewe akasimama na mtoto mgongoni, miguu peku, na sote tunajua ana viatu pea mbili. Akalia. Hakimu akasema huyu ni nguzo ya nyumba, ukiing'oa nyumba inaanguka.

Nikaja mimi. "Mume wako yuko wapi?"

Nikasema, "Mheshimiwa, yuko Nassa. Nilimrudishia ng'ombe wake wa mahari."

"Ulimrudishia wewe? Siyo baba yako?"

"Mimi. Kwa pamba yangu."

Watu wakacheka. Hakimu naye akatabasamu, akamwambia karani wake, "Andika hilo." Nikasema nina watoto watatu na hakuna anayewalisha ila mimi. Ndipo akauliza kama kuna ndugu.

Ukasimama, kaka. Koti la baba, kofia mkononi. Ukasema, "Watoto wana mjomba. Nina ng'ombe arobaini na mmoja. Hakuna mtoto atakayelala njaa katika boma letu la Mahona." Watu wakaguna kwa kukukubali. Mimi nikasema ishirini na sita katika hao ni wangu. Hakimu akanikata: "Kaa chini. Unamwaibisha kaka yako mbele ya watu?" Nikakutazama. Ukaitazama kofia.

Hapo ndipo akasema maneno ambayo nayasikia kila wakigonga kengele ya kuamka. "Mwanamume akiiba, huenda ni shida. Mwanamke akiiba, ni tabia." Kwamba mimi niwe fundisho kwa wanawake wanaokimbilia biashara. Kwamba kuhusu watoto mahakama haina wasiwasi, maana mjomba amesema.

Nakuuliza mambo mawili. Watoto wako wapi, na wanakula nini? Minza yuko darasa la tano, asikose shule. Sayi akikohoa mpe maji ya moto. Nyanjige ana miaka minne, halali bila kushika sikio la mtu.

Mdogo wako,
Nyamizi


Kasoli, 15 Desemba 1996

Mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka. Pokea salamu nyingi za hapa nyumbani, sisi ni wazima, wasiwasi ni kwako. Wifi yako anakusalimu. Mashimba anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilikwenda kuisomea zizini nisionekane uso.

Umeandika kwa ukali, na una haki ya uchungu. Lakini ningesema nini? Mwanamume anaulizwa mbele ya watu wa Kasoli kama watoto wa dada yake wana mtu, naye anyamaze? Aseme hawana? Baba alikuwa mtu ambaye watu waliinuka kumsalimia. Mimi mwenyewe ndiye mkuu wa sungusungu kijijini, walinzi wote wananitazama. Nilidhani hakimu akiona unatoka kwenye boma lenye watu na mali, atasema huyu si mhuni, aachiwe. Nilisema vile kwa kukutetea. Nani angejua kwamba mahakamani wanapendwa wanaokuja peku?

Na ule usemi wako wa ng'ombe, ulikuwa wa kusema pale? Ng'ombe ni wako, nani amekataa? Wana mkato wa sikio la kushoto, kila mtu anaujua. Lakini wanalala kwangu kwa sababu mwanamke hana zizi, tulikubaliana hivyo mbele ya baba. Mambo ya zizini huwa yanabaki zizini.

Watoto wapo. Wanakula, wanalala. Usiwe na hofu.

Nimekutumia michembe ya viazi gunia dogo kwa kondakta wa basi. Ukiipata nijulishe, maana makondakta wa siku hizi wanatafuna mizigo.

Kaka yako,
Masele


Gerezani, 2 Februari 1997

Kaka,

Salamu. Mimi sijambo, natumaini nanyi hamjambo. Michembe imefika, wabeja, asante sana. Nimegawana na wenzangu kumi na watatu, siku hiyo hata nyapara aliniita "mama."

Humu nimewauliza mmoja mmoja kesi zao. Wengi wana mwanamume waliyeshtakiwa naye. Yupo aliyekamatwa na mumewe kwa mtungi mmoja wa gongo, mume alilipa faini akaenda zake, yeye yuko hapa mwaka mzima kwa sababu hakimu aliona mtungi ulikuwa jikoni, na jikoni ni kwa mwanamke. Yupo aliyeulizwa alimfanyia nini mumewe mpaka akampiga. Nimeacha kuuliza.

Unaandika "watoto wapo" kama mtu anayejibu salamu njiani akiwa na haraka. Mwambie Minza aandike mistari miwili kwa mkono wake. Miwili tu.

Mdogo wako,
Nyamizi


Kasoli, 9 Machi 1997

Mdogo wangu,

Mwangaluka. Habari za huko? Sisi hapa wazima, ila mvua imetutupa. Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha goti, na pamba imetoka nusu. Mashimba amepeleka ng'ombe upande wa Meatu kutafuta majani. Wamekufa wanne. Wawili wako, wawili wangu, kifo hakikupendelea.

Minza ana shughuli nyingi za shule, kaingia darasa la sita. Ataandika. Sayi amepona kikohozi. Nyanjige amenenepa, ungemwona usingemjua.

Mashimba amepata mchumba Kiloleli, watu wazuri. Wakwe wanataka mambo yaende haraka. Tutaona Mungu atakavyotujalia.

Vumilia. Ukiwa na tabia njema wanakupunguzia theluthi moja, mwenyewe unajua hesabu kuliko mimi.

Kaka yako,
Masele


Gerezani, 20 Julai 1997

Kaka Masele,

Hujambo? Mimi sijambo wa mwili. Nimekaa wiki mbili bila kuandika, nisije nikakutukana.

Jumapili ya tarehe 6 nilitembelewa. Nilidhani ni wewe. Alikuwa Zamda, yule mwenye duka la nguo pale mjini Bariadi, aliyekuwa akinikopesha khanga enzi za biashara. Alikuja na Nyanjige.

Nyanjige hakunenepa. Lakini amevaa gauni jipya, na amefundishwa adabu. Alinitazama mimi na sare yangu, akamtazama askari mlangoni na sare yake, akakunja goti. "Shikamoo, afande." Aliniambia mimi, kaka. Zamda akamwambia, "Huyu ni mama yako, Nyanjige." Mtoto akamshika Zamda sikio.

Nikamwuliza Zamda, "Mbona umekuja naye wewe? Mjomba wake yuko wapi?" Yule mama hapendi kusema vibaya, alikuwa anakunja ncha ya mtandio tu. Mwisho akasema, "Nyamizi, mimi nilidhani unajua. Wako kwangu tangu Januari. Minza aliwaleta kwa miguu kutoka Kasoli, mdogo kambeba mgongoni. Alisema mke wa mjomba amesema hali sahani moja na watoto wa mfungwa."

Tangu Januari! Na Machi wewe unaniandikia amenenepa.

Zamda si ndugu yetu. Si Msukuma, hata dini si moja. Ana watoto wake wanne, na wangu watatu ni saba. Amemhamishia Minza shule ya mjini, na akitoka shule anamfundisha cherehani. Amekuambia wewe mara mbili, umemjibu kwamba utakuja kuwachukua mvua ikinyesha.

Jambo la pili. Amekuja humu mama mmoja mwanasheria kutoka Mwanza, wa chama cha wanawake wanaosaidia bure. Rufaa yangu itasikilizwa Mahakama Kuu Jumatatu tarehe 6 Oktoba. Amesema hoja ya kwanza ni nyepesi: kosa moja, watu wawili, adhabu mbili. Lakini upande wa serikali watasimama juu ya maneno yako. Watasema hakimu alimwacha Novatus kwa ajili ya watoto, na huyu watoto wake wana mjomba mwenye ng'ombe arobaini na mmoja. Kwa hiyo lazima maneno hayo yaondolewe na mwenye kuyasema.

Anataka kiapo chako. Uende kwa wakili mjini, uape kwamba watoto hawa nilikuwa nawalisha mimi peke yangu, kwamba wewe huwalishi, na kwamba ng'ombe uliowataja wengi ni wangu. Karatasi ameandaa, nauli Zamda atatoa. Kazi yako ni kusema ukweli na kuweka sahihi.

Niambie siku.

Mdogo wako,
Nyamizi


Kasoli, 17 Agosti 1997

Mdogo wangu Nyamizi,

Mwangaluka. Natumaini barua hii itakukuta mzima. Sisi hapa tunamshukuru Mungu.

Ni kweli watoto wako kwa Zamda. Sikutaka kukuongezea mzigo. Lukresia ana mdomo, wewe unamjua tangu aolewe. Nilimwambia nitamrudisha kwao, akasema rudisha. Nikafikiri, mvua ikija mioyo italainika, nitawafuata watoto kimyakimya. Siku zikapita.

Kuhusu kiapo. Nyamizi, unajua unachoniomba? Mwezi wa sita tumemtenga mtu hapa kijijini, hakuna kumpa moto, hakuna kumzikia, kwa sababu alisema uongo mbele ya baraza la sungusungu kuhusu mbuzi. Ni mimi niliyetamka adhabu. Sasa niende mjini niape kwamba nilidanganya mbele ya hakimu? Kesho yake watu watanifanyia nini? Na karani wa wakili ni mtoto wa hapahapa, habari itafika Kasoli kabla sijashuka kwenye gari.

Na ng'ombe. Nikuambie mwenyewe kabla hujaambiwa. Mahari ya Mashimba imekwenda Kiloleli mwezi uliopita, kumi na wawili. Wanane wana mkato wa kushoto. Nilikuwa nitakurudishia wakizaa.

Watu nao wanauliza, mwenye ng'ombe ishirini na sita aliiba kwa shida gani? Sisemi mimi, wanasema wao.

Novatus anakusalimu. Kampuni nyingine imemchukua, yuko kwenye mzani uleule. Kwake ndiko nimepimisha pamba yangu yote, nusu ya ile ya mwaka jana. Anasema pole sana, anakukumbuka.

Mwaka mmoja na miezi mitatu siyo mirefu. Ukirudi tutakaa tuyamalize nyumbani.

Kaka yako,
Masele


Gerezani, 7 Septemba 1997

Kaka Masele,

Hujambo, na wote wa nyumbani hawajambo? Mimi niko. Mwambie Novatus salamu zake zimefika, nami namwuliza kama mzani bado unakula kilo upande wa kulia.

Niliiba kwa tamaa. Waambie hao wanaouliza. Niliona lori la pili linalipa zaidi na ghala lilikuwa na mlango mmoja, nikatamani. Mbona hawamwulizi Novatus? Baba yake ana zizi kubwa kuliko letu. Kwake ilikuwa shida, kwangu ikawa tabia, na wewe umekwenda kwenye mzani wake na kumwambia asante.

Yule uliyemtenga kwa ajili ya mbuzi, alidanganya ili apate mbuzi. Wewe ulidanganya ili upate kugunwa vizuri na watu wa benchi la nyuma. Yeye hazikwi. Wewe unamaliza mashauri ya watu.

Nimekaa na barua yako siku kumi nikitafuta ni kitu gani hasa kinakuzuia, kwa sababu mimi mambo nayafanya hivyo, nayatenga kama pamba safi na pamba fifi. Nimeona ni vitu viwili, ng'ombe na aibu.

Basi, suala la ng'ombe nalimaliza leo. Walikuwa ishirini na sita, wawili wakafa, wanane wakaenda Kiloleli. Wamebaki kumi na sita. Chukua. Na wale wanane sikudai, Mashimba na mkewe waishi vizuri. Ng'ombe wote wenye mkato wa sikio la kushoto ni wako kuanzia tarehe ya barua hii, nami sitasema tena, mahakamani wala nyumbani, kwamba nilikuwa nao. Afande anayesoma barua hii kabla ya kuifunga ndiye shahidi wangu, ameniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemwambia anayesaini kwa akili timamu ni mimi.

Mwanasheria nimemweleza, ameifupisha karatasi. Neno la ng'ombe ameliondoa. Yamebaki mawili: "Watoto wa dada yangu alikuwa akiwalisha yeye. Mimi siwalishi." Hayo tu. Hutaandika kwamba ulidanganya. Jaji atajumlisha mwenyewe.

Sasa umebaki na aibu peke yake, kaka, haina tena mahali pa kujificha nyuma ya mkia wa ng'ombe. Iweke kwenye mzani upande mmoja. Upande mwingine mweke Nyanjige. Nikishinda tarehe 6 Oktoba atanikuta akiwa na miaka mitano, bado anaweza kujifunza sura yangu. Nikishindwa ataniona akiwa na sita, na mpaka hapo kila mwenye sare atakuwa afande.

Sitaki barua. Barua zako ni nzuri mno, zinasalimia vizuri, na Machi zilinenepesha mtoto. Nataka mdomo wako.

Jumatano tarehe 17 Septemba ni siku ya mnada. Zamda atakuja Kasoli kuuza nguo, atakaa upande wa wauza chumvi, na Minza atakuwa naye. Karatasi iko kwenye mkoba wake. Lori lao linaondoka saa tisa alasiri, na dereva hamngoji mtu. Ukipanda, mtakwenda kwa wakili jioni hiyohiyo. Usipopanda, nenda hata hivyo mpaka pale walipokaa, usitume mtoto wala usitume Lukresia. Simama mbele ya Minza, kama ulivyosimama siku ile na koti la baba, useme kwa sauti ileile waliyoisikia watu wote. Hakimu alikuuliza ukajibu upesi. Sasa nakuuliza mimi, na mwisho ni saa tisa: watoto wangu wana mjomba, au hawana?

Nyamizi, binti wa baba yako